Koili za plagi zinadumu muda gani, na utajuaje saa ya kubadilisha imefika

Maswali ni yale yale kila siku. "Gari imefika kilomita laki moja, nitoe koili zote?" "Makanika amesema koili nne zote zimekufa siku moja, inawezekana?" "Gari inatetemeka tangu nitoke kuosha, ni koili?" Najibu mmoja leo, kesho anakuja mwingine na lile lile, alafu kinachoniuma ni kwamba wengi wanauliza wakiwa wameshanunua. Kwa hiyo nimeandika yote hapa pamoja, kuanzia kupima mpaka kufunga, mtu asome kabla hajatoa pesa.

Jibu fupi kwa mwenye haraka ni hili: koili, kile kidude kinachoipa plagi umeme wa cheche, haina kilomita maalum ya kubadilishwa. Oili ina kilomita zake, plagi zina zake, koili hapana. Ile nzuri ya kiwandani kwa kawaida inaenda kati ya kilomita 100,000 na 160,000, nyingi zinapita hapo bila shida yoyote, na zingine zinakufa mapema kabisa kwa sababu kuna kitu kinaziua. Unabadilisha ile iliyoharibika, baada ya kuhakikisha kweli imeharibika, na unashughulika na kilichoiharibu. Asikutishe mtu kwa namba ya kilomita peke yake. Na hapa kwetu Uganda hiyo namba yenyewe ni ya kushuku, manake sheria ya mwaka 2018 inazuia kuingiza gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe, maana yake gari ya miaka 13 au 14 inaingia vizuri tu ikiwa na koili zake za kwanza, na ile mita ya kilomita hujui nani aliigusa njiani.

Kwanza angalia gari yako ni ya aina gani

Mwongozo huu ni wa gari za petroli zenye koili moja juu ya kila plagi. Hizo ndizo nyingi barabarani: Premio, Wish, Spacio, Raum, Vitz, Ipsum ile mpya ya injini ya 2AZ, Harrier, na kadhalika. Fungua boneti, toa kava ya plastiki, ukiona vidude vinne vimepangwa mstari juu ya injini, kila kimoja na bolti yake na soketi yake ya waya, uko mahali pake.

Kama uko na kikumi, ile Corolla AE100, mfumo ni mwingine. Kuna distribyuta na waya ndefu za plagi, koili ni moja kwa injini nzima, hiyo ikifa gari inazima kabisa haiwaki, haimisi (yaani kukosa kuungua) silinda moja tu. Forester nyingi za zamani zina koili pakiti, ambapo koili moja inawasha plagi mbili, kwa hiyo ikiharibika silinda mbili zinamisi pamoja. Na dizeli haina koili wala plagi za kuwasha, kwa hiyo mwenye Hiace ya dizeli akiambiwa koili imekufa aondoke hapo garagi.

Kinachoua koili

Sitaingia sana darasani. Koili inachukua umeme wa betri wa volti 12 inaupandisha mpaka maelfu kwa maelfu, 20,000, 30,000 na zaidi, ili uruke pale kwenye mdomo wa plagi. Ndani ni waya nyembamba sana zimezungushwa na kufunikwa na plastiki ngumu ya kuzuia umeme usitoroke. Siku hiyo plastiki ikipasuka umeme unapita njia ya mkato na plagi haipati kitu.

Kinachoipasua kwa kiasi kikubwa ni plagi iliyochoka. Kila plagi inavyotumika mdomo wake unalika na nafasi inapanuka, na nafasi ikipanuka koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi kila mara, joto linapanda, inajichosha. Plagi za kawaida za nikeli zinafaa kubadilishwa kwenye kilomita 30,000 mpaka 50,000, za iridiamu zinaweza kwenda mpaka kama 100,000. Mtu anaacha plagi za kawaida kilomita 80,000 akisema gari bado inawaka, alafu anashangaa koili zinakufa moja baada ya nyingine. Plagi ni bei ndogo ukilinganisha na koili, tafadhali usibane hapo.

Pili ni oili. Juu ya injini kuna tapeti kava, na gasketi yake pamoja na sili za mashimo ya plagi zikizeeka oili inashuka ndani ya shimo na koili inakaa inaogelea humo. Mpira wake unalainika, unavimba, umeme unaanza kuvuja.

Tatu ni maji, na hapa nalaumu namna tunavyoosha injini. Kijana wa wasing bei anapiga presha moja kwa moja juu ya injini ikiwa bado moto, maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi yanakaa humo. Injini haihitaji kuoshwa hivyo. Kitambaa chenye unyevu na brashi vinatosha, na kama lazima maji yapite basi koili zifunikwe na presha ikae mbali nazo.

Joto na mtikisiko vinamalizia kazi.

Dalili

Dalili kubwa ni injini kumisi. Gari ikisimama inatetemeka, unaisikia kwenye usukani na kwenye kiti, mlio wa sailensa unakuwa na pengo, haufululizi. Ukikanyaga mafuta inasitasita. Inakula mafuta zaidi na saa ingine inanuka petroli nyuma.

Sikiliza hii vizuri, manake ndiyo inawachanganya watu wengi: koili inayoanza kuchoka haionyeshi ugonjwa wakati wote. Asubuhi injini ikiwa baridi gari ni nzima kabisa, unaenda nayo, unakaa kwenye jamu ya barabara ya Jinja saa nzima, joto linapanda chini ya boneti, ule ufa mdogo ndani ya koili unafunguka na gari inaanza kumisi. Unafika garagi, inapoa wakikuhudumia wengine, makanika anaiwasha anakuambia haina shida. Dalili nyingine ni kwenye mlima. Ukipanda Makindye au kilima chochote kile cha Kampala gia ikiwa kubwa na mzunguko uko chini, mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa na cheche inahitaji volti nyingi kuruka, koili dhaifu inashindwa hapo hapo, gari inapiga mishtuko mitatu minne, ukifika tambarare inatulia. Gari yako ikifanya hivyo usiseme ni petroli mbaya, anza na plagi na koili.

Alafu kuna ile taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka bila kupepesa unaweza kuendesha polepole mpaka mahali pa kupima. Ikipepesa, punguza mwendo mara moja na usiendelee na safari. Kupepesa kunamaanisha petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye ekzosti, inaungulia ndani ya kataliti (kile chombo cha kusafisha moshi) na kuiyeyusha, na hiyo kataliti bei yake inapita koili zote nne.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Spana au soketi namba 10 na ratcheti yenye ekstensheni ndefu. Bolti ya koili kwenye Toyota nyingi ni namba 10.
- Soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani. Namba 16 kwa 1NZ, 1ZZ na 2AZ. Injini mpya kidogo kama 2ZR ni namba 14, soketi nyembamba, usilazimishe ile ya 16.
- Tochi. Ya simu inafaa lakini ya kichwani inaacha mikono yote miwili huru.
- Hewa ya kupuliza, hata pampu ya baiskeli ni bora kuliko bila.
- Vitambaa vikavu, na miwani ya macho kama utapuliza vumbi.
- Peni au rangi ya kucha ya kuweka alama.
- Kifaa cha kusoma kodi (namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari inaihifadhi), ile OBD ndogo ya blututhi inayoongea na simu. Kama huna, nenda kwa mwenye mashine akusomee, lakini mwambie akuandikie namba ya kodi yenyewe, asikuambie tu "ni koili".
- Grisi ya silikoni ukipata. Sio lazima.

Kumbuka gari nyingi za soko la Japani za mwanzo wa miaka ya 2000 zina soketi ya OBD lakini hazikubali kifaa cha bei ya chini. Kikigoma kuunganika haimaanishi gari imeharibika wala kifaa ni kibovu, hapo utahitaji mashine kubwa ya garagi au utumie ile njia ya kuchomoa iliyo hatua ya 4.

Koili mpya haimo kwenye orodha. Nimeiacha makusudi, usinunue bado.

Hatua zenyewe

1. Acha injini ipoe. Kama umetoka kuendesha subiri, saa moja au zaidi, kwa sababu kichwa cha injini ni aluminiamu na kufungua plagi kwa moto unaweza kuondoka na nyuzi zake. Zima gari, toa ufunguo. Betri hauna haja ya kuitoa kwa kazi hii, tena kwenye gari hizi za Japani ukikata betri redio inaweza kujifunga na kuanza kudai namba ya siri ambayo huna, ukabaki na shida ya pili.

2. Soma kodi na uiandike. P0300 ni kumisi ovyo ovyo bila silinda maalum. P0301 mpaka P0304 tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, P0302 ni silinda ya pili. P0351 mpaka P0354 ni lalamiko la umeme wa koili yenyewe ama waya zake, kwa mpangilio ule ule. Toyota za zamani kidogo zinatoa P1300, P1305, P1310 na P1315 kwa koili ya kwanza mpaka ya nne. Tahadhari: kodi ya P030x inasema silinda gani haiungui, haisemi kwa nini. Hapo ndipo watu wanauziwa koili zisizohitajika.

3. Jua silinda ya kwanza iko wapi. Kwenye hizi Toyota za silinda nne zilizolala kwa upana, namba moja ni ile iliyo karibu na mikanda, unahesabu kuelekea upande wa giaboksi. Weka alama kwenye kila koili sasa hivi, 1, 2, 3, 4, kabla hujafungua chochote. Ukishazichanganya bila alama kipimo chote kimekufa.

4. Kama huna kodi, tafuta silinda kwa kuchomoa. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza, washa gari, sikiliza sekunde chache tu, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa zote. Ukichomoa koili nzima injini inazidi kutetemeka. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, silinda hiyo ndiyo ilikuwa imelala tangu mwanzo. Usiiache iendelee hivyo muda mrefu kwa sababu ile ile ya kataliti. Usinyanyue koili kutoka kwenye plagi injini ikiwa inafanya kazi. Huo umeme ni mkubwa, unakurusha, na koili isiyo na mahali pa kutoa cheche inajitoboa yenyewe ndani.

5. Chomoa soketi ya waya taratibu. Kuna kilimi cha plastiki, kibonyeze kabisa kwanza ndipo uvute mwili wa soketi, usivute waya. Plastiki iliyokaa na joto miaka mingi inavunjika kama biskuti, na kilimi kikivunjika soketi itakuwa inalegea barabarani utafikiri koili imekufa tena.

6. Puliza vumbi kabla ya kutoa koili. Kwa barabara zetu za marram vumbi jekundu limejaa pale juu na hutaki liingie kwenye silinda.

7. Fungua bolti namba 10 na utoe koili. Ikiwa imeganda usiitie bisibisi chini kuinyanyua, utapasua shingo. Izungushe kushoto na kulia kidogo kidogo mpaka mpira uachie, alafu vuta juu ikiwa imenyooka.

8. Iangalie kwa tochi, usiharakishe hapa. Geuza ile shingo ya mpira polepole kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka kwa urefu, kama umechorwa na penseli, ni njia ambayo umeme umekuwa ukitoroka. Doa jeupe jeupe lililoungua, ufa, mpira uliolainika, kutu kwenye springi iliyo ndani, yote hayo ni ushahidi. Chungulia pia shimoni, kuna oili? kuna maji? Kwenye plagi yenyewe ukiona mduara wa rangi ya kahawia kwenye ile sehemu nyeupe karibu na chuma usishtuke, huo ni wa kawaida, hausemi plagi inavuja. Ule mstari mweusi kwa urefu ndio mbaya, na ukiuona kwenye plagi badilisha plagi na mpira wa koili pamoja, ukibadilisha kimoja kile kingine kitaharibu kipya.

9. Hamisha koili. Hiki ndicho kipimo chenyewe na hakigharimu shilingi. Tuseme kodi ni P0302. Chukua koili ya silinda ya 2 weka ya 3, ya 3 weka ya 2. Plagi usiziguse kwa sasa, hamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Rudisha soketi za waya, futa kodi, endesha katika hali ile ile iliyokuwa inaleta shida, kama ni joto basi ipate joto, kama ni mlima nenda mlima. Alafu soma tena.

10. Amua. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mgonjwa, umemaliza, sasa nenda ukanunue. Ikibaki P0302 koili haina hatia. Rudia mchezo ule ule na plagi za silinda hizo mbili. Zikihamishwa plagi na kodi bado iko silinda ya 2, tatizo liko kwenye injekta (inayonyunyiza petroli), waya za soketi ile, au kompresheni (mgandamizo wa silinda), na hapo tafuta makanika mwenye vipimo.

11. Safisha shimo na kubadilisha plagi kama zimechoka. Kama kuna oili ifyonze na kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kabla ya kutoa plagi, isimwagike ndani. Plagi mpya ianze na mkono, ukiwa umeshika ekstensheni bila ratcheti, ikikataa kuzunguka irudishe nyuma uanze upya, usilazimishe. Ikikaa chini, plagi mpya yenye washa iongeze nusu mzunguko mpaka theluthi mbili hivi na uishie hapo. Usipake oili kwenye nyuzi.

12. Funga koili. Kama uko na grisi ya silikoni paka kidogo ndani ya mdomo wa mpira, kidogo tu. Sukuma koili mpaka uhisi imeingia kwenye plagi, bolti ya 10 ikaze kwa kiasi, ni bolti ndogo kwenye kava nyepesi. Soketi ya waya isukume mpaka isikike "tak". Washa, sikiliza, futa kodi, endesha.

Moja au zote nne?

Mimi nasema moja, ile iliyothibitika. Koili tatu nzima za kiwandani ni bora kuliko nne mpya ambazo hujui zimetoka wapi, na soko letu ndivyo lilivyo, usitoe orijino nzima ukaweka feki. Zile ulizotoa zikiwa nzima usimwachie makanika, funga kwenye kitambaa weka buti, ni akiba.

Kuna wakati nakubali zote: kama mbili zimeshakufa kwa miezi michache na zote ni za umri mmoja, au kama mashimo yote yalikuwa na oili na mipira yote imelainika, au kama unafanya kazi ya safari ndefu, unatoka Kampala kwenda Arua usiku na abiria, hutaki kusimama porini baada ya Karuma ukitafuta koili. Hapo nunua zote kama pesa inaruhusu, ama angalau beba moja ya akiba na soketi namba 10. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi njiani.

Kununua

Nenda na ile mbovu mkononi. Iwe ni kwa wauza spea wa Kisekka, Katwe ama Ndeeba hapa Kampala, usiende kusema "nipe koili ya Premio", Premio zina injini tofauti na koili tofauti. Soma namba iliyo kwenye koili yako. Za Toyota zinaanza na 90919, mfano 90919-02240 ni ya 1NZ, 90919-02239 ni ya 1ZZ, 90919-02244 ni ya 2AZ. Linganisha namba, urefu wa shingo, umbo la soketi na idadi ya pini, hizi nyingi za Toyota zina pini nne.

Zilizotumika kutoka Japani sio vibaya, mara nyingi zinashinda mpya za bei ya kutupa. Angalia ule mstari mweusi, bonyeza mpira uone kama bado una nguvu, na kubaliana na muuzaji wazi kabla ya kulipa kwamba ikimisi unairudisha kesho. Kama gari iko karibu ifunge hapo hapo. Kwa mpya, feki ya Denso ni nyingi sana. Pima uzito kwa mkono ukilinganisha na ile yako ya zamani, feki mara nyingi ni nyepesi, maandishi yake yanafutika ukisugua kwa kucha, plastiki ina kingo mbaya zisizokatwa vizuri. Na bei. Mtu akikuuzia mpya kwenye boksi la Denso kwa bei ya chini kuliko iliyotumika, hapo hakuna Denso.

Ikiendelea kusumbua

*Umebadilisha koili na bado inamisi silinda ile ile.* Rudi hatua ya 10, wengi wanairuka. Angalia pini ndani ya soketi ya waya, kama moja imerudi nyuma au ina kutu ya kijani. Tikisa waya za soketi injini ikiwa inafanya kazi, ukishika plastiki na sio chuma, mlio ukibadilika waya umekatika ndani.

*Koili mpya imekufa ndani ya wiki chache.* Ama ni feki, ama plagi ni mbovu, ama shimo lina oili. Angalia vyote vitatu kabla ya kununua nyingine. Kama ni oili badilisha gasketi ya tapeti kava na sili za mashimo, ukipuuza utakuwa unanunua koili kila msimu.

*Gari imeanza kumisi baada ya kuosha ama baada ya kupita kwenye maji.* Usinunue kitu. Toa koili zote, fyonza maji na kitambaa, puliza mashimo, weka koili juani mpaka zikauke kabisa ndani ya mpira, rudisha. Nyingi zinapona hapo. Isiyopona ihamishe kama hatua ya 9.

*Kodi ni P0300 tu, haisemi ni silinda gani.* Zote nne kufa kwa pamoja ni nadra sana. Anza na plagi, alafu petroli, alafu paipu za hewa zilizopasuka karibu na manifolidi, ndio uje kwenye koili mwisho.

*Makanika anataka kupima koili na mita, ohmu.* Kwenye koili ya pini mbili inasaidia. Kwenye hizi za pini nne kuna saketi ndani, kile kipimo hakikuambii kama ni nzima, mwambie ahamishe.

*Anataka kuitoa nje, kuweka plagi juu ya chuma na kuwasha aone cheche.* Mkatalie. Silinda inatema petroli kwenye shimo lililo wazi na cheche iko pembeni yake, moto unashika. Tena cheche kwenye hewa ya nje inaruka kirahisi, koili mbovu inafaulu hapo vizuri kabisa alafu inashindwa ikirudi ndani ya silinda yenye mgandamizo.

*Inamisi ikiwa moto tu na hujaweza kuikamata.* Endesha mpaka ianze, simama mahali salama, soma kodi pale pale kabla haijapoa. Kama huna kifaa, fanya hatua ya 4 hapo hapo barabarani, kwa tahadhari ya joto, unagusa soketi za waya tu. Silinda ukishaijua, subiri ipoe ndipo uhamishe.